Manilal Ambalal Desai: Mhariri Aliyemfungulia Jirani Mlango wa Matbaa



Ni desturi ya vitabu vya maadhimisho kama hiki kuwakumbuka waliotoa kiwanja, waliochanga fedha za saruji na mabati, na mapandita waliotuongoza katika ibada. Heshima hiyo ni haki yao na hatuna nia ya kuipunguza. Mwaka huu, hata hivyo, tumeomba kurasa chache kwa ajili ya mtu ambaye hakutoa tofali hata moja kwa hekalu letu, wala hatujui kama aliwahi kupita mahali liliposimama leo. Huyo ni Manilal Ambalal Desai, mwandishi na mhariri wa gazeti la East African Chronicle la Nairobi, aliyefariki Bukoba, kando ya ziwa hili letu, mwaka 1926.

Yumkini msomaji atauliza, mwandishi wa gazeti ana nafasi gani katika kitabu cha hekalu? Jibu tumelipata katika mila zetu wenyewe. Kila Diwali sisi wafanyabiashara wa Kigujarati huvipeleka vitabu vipya vya hesabu mbele ya madhabahu. Majirani zetu wengi hudhani kwamba usiku ule tunamwomba Lakshmi peke yake, atuongezee mali. Ukweli ni kwamba ibada ile huitwa pia Sharda Puja, kwa jina la mungu wa elimu na maandishi, ambaye wengine humwita Saraswati. Wazee wetu walikwisha kuona kwamba mali isiyoandikwa kwa haki haina baraka, na kwamba kalamu inayoandika uongo huifilisi nyumba hata kama sanduku limejaa fedha. Desai aliitumikia kalamu ya namna hiyo, na aliitumikia katika nchi ambamo kuandika ukweli kulikuwa na gharama.

KUTOKA SURAT HADI NAIROBI

Manilal Desai alizaliwa Surat, Gujarat, mwishoni mwa miaka ya 1870. Surat ni mji wa bandari ambao kwa karne nyingi ulifanya biashara na pwani ya Afrika Mashariki. Nguo, shanga, pembe na karafuu zilivuka bahari kwa majahazi, zikifuata pepo za kaskazi na kusi, muda mrefu kabla ya Mzungu wa kwanza kupima njia ya reli. Twalitaja jambo hili kwa sababu bado wapo wanaodhani kwamba Wahindi wote wa Afrika Mashariki ni wajukuu wa vibarua wa reli. Ni kweli kwamba baina ya mwaka 1896 na 1901 vibarua takriban 32,000 waliletwa kutoka India, wengi wao kutoka Punjab, kujenga njia kutoka Mombasa hadi ziwani, na kwamba takriban 2,500 kati yao walikufa kazini. Lakini wengi wao walirudi kwao mikataba ilipokwisha. Wagujarati wengi walikuja kwa njia nyingine: kijana alitangulia kwa mjomba mwenye duka, akajifunza kazi, halafu akawaita nduguze.

Desai hakuja kwa njia ya duka. Alifika Nairobi mwaka 1915, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, akiwa karani wa sheria, akaajiriwa katika ofisi ya mawakili wa Kizungu. Hakukaa sana. Simulizi iliyohifadhiwa juu yake yasema kwamba alikatazwa kuvuta sigara ofisini ilhali Wazungu wa ofisi ile walivuta watakavyo, naye akaona heri aiache kazi kuliko kukubali kwamba moshi wa mtu mmoja ni halali na wa mwenzake ni haramu. Wengine watasema sigara ni jambo dogo la kumfanya mtu mzima aache mshahara. Sisi twaona kwamba dhuluma kubwa mara nyingi hujaribiwa kwanza katika mambo madogo, ili ionekane kama watu watazoea. Desai alikataa kuzoea.

Baada ya hapo alijaribu biashara, lakini moyo wake haukuwa dukani. Aliingia katika Chama cha Wahindi cha Nairobi, na haukupita muda mrefu akawa miongoni mwa viongozi wake. Ndipo alipoijua vizuri nchi aliyokuwa amehamia.

NCHI ALIYOIKUTA

Nchi ile ilikuwa imegawanywa kwa rangi kama rafu za duka. Sheria ya ardhi ya mwaka 1915 iliimarisha desturi ya kuwatengea Wazungu nyanda za juu zenye rutuba, yaani ardhi iliyonyang'anywa Wakikuyu, Wamaasai na wengineo. Mtaalamu wa afya aliyeitwa Profesa Simpson alikwisha kupendekeza kwamba miji igawanywe, kila rangi na mtaa wake, kwa kisingizio cha kuzuia tauni. Mwaka 1919 walowezi wa Kizungu walipewa haki ya kuchagua wajumbe 11 wa Baraza la Kutunga Sheria, na Wahindi wakatengewa viti 2. Hesabu ya watu ya mwaka 1921 ilionyesha kwamba Wazungu walikuwa takriban 9,600 na Wahindi takriban 22,800. Waafrika, ambao ndio wenye nchi na ambao walizidi milioni 2, hawakuwa na kiti hata kimoja.

Mwaka huo huo wa 1919 tume ya uchumi iliyotawaliwa na walowezi ilitoa taarifa iliyowatukana Wahindi waziwazi, ikidai kwamba uchafu na tabia zao mbaya zilikuwa zikimharibu Mwafrika. Basi taarifa ile ilimtumia Mwafrika kama fimbo ya kumpigia Mhindi, ilhali Mwafrika mwenyewe hakuulizwa neno.

Hali ya Mwafrika ilikuwa nzito zaidi kuliko ya Mhindi, nasi lazima tuliseme hili bila kupindapinda. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikuwa wamekufa vitani, wakibeba mizigo ya jeshi katika mapigano yaliyofika hadi huku kwetu Tanganyika. Waliorudi walikuta kipande kikiwangoja: karatasi ya alama za vidole iliyotiwa katika kikopo cha chuma na kuvaliwa shingoni, ambayo bila hiyo mwanamume Mwafrika hakuweza kutafuta kazi wala kuiacha. Kodi ilipandishwa hadi shilingi 16. Kisha, mwaka 1921, bei za mazao zilipoanguka, walowezi walikubaliana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Mwenye duka yeyote aelewa maana yake: mteja aliyekuwa akinunua vitu vitatu sasa alinunua viwili, na kodi yake ilibaki pale pale.

GAZETI

Katika mazingira hayo nguvu ya gazeti ilikuwa kubwa kuliko tunavyoweza kufikiri leo. Redio haikuwako. Gavana na wakubwa wa London walijua habari za nchi kwa kusoma magazeti, na magazeti yenye nguvu yalikuwa ya walowezi.

Hapa pana jambo la kusikitisha kidogo. Gazeti kubwa kuliko yote, East African Standard, lilikuwa limeanzishwa na Mhindi. Mfanyabiashara A. M. Jeevanjee aliliasisi Mombasa mwanzoni mwa miaka ya 1900 kwa jina la African Standard, kisha baada ya miaka michache akaliuza kwa Wazungu. Wenye mali wapya wakalihamishia Nairobi, likawa sauti ya walowezi na mpinzani mkali wa madai ya Wahindi. Hatumlaumu Jeevanjee, ambaye baadaye alipigania haki kwa mali yake na kwa sauti yake. Lakini kwa wafanyabiashara mkasa ule ni somo: si kila kitu kinachouzika kinafaa kuuzwa. Ukiuza duka, mnunuzi amepata bidhaa na rafu. Ukiuza gazeti, umemkabidhi mnunuzi masikio ya watu.

Baada ya vita Desai alianzisha East African Chronicle. Gazeti lake lilisema mambo ambayo Standard haikuyasema. Lilipinga kutengwa kwa nyanda za juu, lilipinga mitaa ya rangi, na lilidai daftari moja la wapiga kura kwa raia wote wenye sifa sawa. Wahindi wa Nairobi, Mombasa na Kisumu walilisoma kwa sababu liliwasemea wao. Kama angeishia hapo, Desai angekuwa mtetezi mwema wa watu wake, nasi tungemkumbuka kwa shukrani ya kifamilia tu.

Hakuishia hapo. Chronicle iliandika pia juu ya kipande, juu ya kodi ya vibanda, juu ya mishahara iliyopunguzwa na juu ya watu kulazimishwa kufanya kazi mashambani mwa walowezi. Tufikirie maana ya jambo hili kwa gazeti dogo. Gazeti huishi kwa matangazo na kwa wanunuzi. Waliotangaza katika Chronicle walikuwa wenye maduka, na mwenye duka huhitaji leseni, huhitaji kiwanja, huhitaji afisa wa wilaya asimkasirikie. Mwafrika wa mwaka 1921 aliyekatwa theluthi ya mshahara hakuwa mtangazaji wala, kwa kawaida, msomaji wa Kiingereza. Kwa hesabu ya biashara, kila mstari ulioandikwa kumtetea ulikuwa hasara. Desai aliiona hasara ile na akaendelea kuandika.

DESAI NA HARRY THUKU

Kijana Harry Thuku alikuwa mtu wa magazeti kabla ya kuwa mtu wa siasa. Alizaliwa Kiambu, akasoma kwa wamishonari, kisha alifanya kazi ya kupanga herufi katika kiwanda cha gazeti la walowezi lililoitwa Leader. Ni kazi ya subira: kila herufi ya risasi huchukuliwa kwa mkono na kupangwa kinyumenyume mpaka ukurasa utimie. Kwa njia hiyo Thuku alisoma, herufi kwa herufi, kila walichokiandika walowezi juu ya Waafrika. Baadaye alipata kazi ya simu katika Hazina ya serikali mjini Nairobi.

Mwaka 1921, mishahara ilipopunguzwa, Thuku na wenzake waliunda chama cha vijana wa Kikuyu, ambacho muda si mrefu kilipanuka kikaitwa East African Association ili kipokee watu wa makabila yote. Walikuwa na hoja na walikuwa na wafuasi. Walichokosa ni ofisi, mashine ya kupigia chapa, fedha za simu za maandishi za kupeleka London, na matbaa.

Desai aliwapa vyote hivyo kwa kadiri alivyoweza. Ofisi ya Chronicle ikawa pia mahali pa Thuku kufanyia kazi. Vipeperushi vyake, vilivyojulikana kwa neno la Kiswahili Tangazo, vilitoka katika matbaa ya Wahindi, na malalamiko ya chama chake yakapata njia ya kufika Uingereza bila kupitia mikono ya machifu na maafisa. Sitaram Achariar, mwenzake Desai katika uandishi, alikuwa miongoni mwa waliosaidia kazi hiyo. Tarehe 10 Julai 1921 mkutano mkubwa wa Waafrika mjini Nairobi ulipitisha maazimio dhidi ya kipande, kodi na kupunguzwa mishahara, na pia ukakanusha kwamba kuwapo kwa Wahindi kulikuwa na madhara kwa Waafrika. Walowezi walighadhibika. Kwa miaka 2 walikuwa wamejidai kumsemea Mwafrika dhidi ya Mhindi, na sasa Mwafrika amejisemea mwenyewe, tena kinyume chao.

Serikali ilieneza maneno kwamba Thuku ni kikaragosi cha Wahindi na kwamba Desai ndiye anayevuta kamba. Baadhi ya wazee wa Kikuyu nao walihofia kwamba Wahindi wanamtumia kijana wao kwa faida yao. Hatuwezi kuipuuza hofu hiyo. Ni kweli kwamba Wahindi walihitaji marafiki katika ugomvi wao na walowezi. Ni kweli pia kwamba Wahindi walipodai haki ya kununua ardhi ya nyanda za juu, hawakuwa wakidai irudishwe kwa Wakikuyu na Wamaasai. Katika jambo hilo madai yetu yalikuwa na upungufu, na jirani alikuwa na haki ya kuuliza.

Lakini tukipima kazi ya Desai kwa mizani ya haki, tutaona hivi. Hakumwandikia Thuku cha kusema. Kipande kilikuwa shingoni mwa Mwafrika, si mwa Mhindi, na kodi ya kibanda haikumgusa mwenye duka. Vipeperushi vile vilisema habari za watu wenyewe, kwa lugha ambayo Desai hakuwa bingwa wake. Thuku mwenyewe alipokuwa mzee, katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1970, hakuwahesabu marafiki zake Wahindi kuwa mabwana zake. Mtu anayemwazima jirani jembe huku akimwachia shamba alime apendavyo hawezi kuitwa mwenye shamba.

MACHI 1922

Tarehe 14 Machi 1922 Thuku alikamatwa. Siku iliyofuata wafanyakazi wa Nairobi waligoma, na tarehe 16 umati mkubwa ulikusanyika mbele ya kituo cha polisi alimokuwa amefungiwa. Wanawake walikuwa mstari wa mbele, na Mary Muthoni Nyanjiru ndiye aliyewatia wanaume haya kwa kusita kwao. Askari walifyatua risasi. Walioshuhudia walisema kwamba Wazungu waliokuwa katika veranda ya hoteli ya Norfolk, upande wa pili wa barabara, nao walipiga. Hesabu ya serikali ilikiri vifo zaidi ya 20. Hesabu za Waafrika zilizidi hapo kwa mbali. Muthoni alikuwa miongoni mwa waliouawa.

Thuku alipelekwa kizuizini Kismayu bila kufikishwa mahakamani, na hakuachiwa mpaka karibu miaka 9 ilipopita. Serikali iliteremsha kodi hadi shilingi 12, na kwa kufanya hivyo ikakiri kimyakimya kwamba watu walikuwa wakilalamikia jambo la kweli.

Chronicle haikustahimili muda mrefu baada ya hapo. Gazeti lililokuwa limesimama na watu waliopigwa risasi halikuweza kutazamiwa kupendwa na wakubwa, na gazeti dogo lisilo na mali nyuma yake halina kinga. Lilikufa kabla ya mwenyewe. Hata hivyo kazi yake haikufa nalo. Achariar aliendelea na gazeti lake, Democrat, na mwaka 1928 chama cha Wakikuyu kilipoanzisha gazeti la kwanza la Kikuyu, Muigwithania, lililohaririwa na Johnstone Kenyatta, ambaye baadaye alikuwa rais wa kwanza wa Kenya, lilichapwa katika matbaa ya Achariar huyo huyo. Mlango uliofunguliwa katika ofisi ya Desai haukufungwa tena.

LONDON NA KURUDI

Mwaka 1923 mgogoro wa Kenya ulifika London. Walowezi walikuwa wamepanga hata kumteka Gavana iwapo serikali ya Uingereza ingewapa Wahindi usawa. Desai alikwenda Uingereza pamoja na Jeevanjee, B. S. Varma na Hussein Suleman Virjee, wakishirikiana na ujumbe wa India ulioongozwa na Srinivasa Sastri na wakishauriwa na mmishonari Charles Andrews, rafiki wa Mahatma Gandhi. Msomaji atambue majina hayo: Hindu na Mwislamu, Mgujarati na Mpunjabi, bohora na wakili, waliketi katika meli moja kwa shabaha moja. Ni jambo la kukumbukwa na jumuiya zetu, ambazo leo nyakati nyingine hushindwa kukubaliana hata juu ya zamu ya ukumbi.

Walirudi na mikono mitupu, au karibu mitupu. Waraka wa serikali wa Julai 1923, unaojulikana kwa jina la Waziri Devonshire, uliacha nyanda za juu mikononi mwa Wazungu, ukakataa daftari moja la wapiga kura, na ukawapa Wahindi viti 5 dhidi ya 11 vya Wazungu. Mpango wa kugawa miji kwa rangi ulitupiliwa mbali, na hiyo ilikuwa nafuu. Lakini waraka ule ulitamka pia kwamba Kenya ni nchi ya Kiafrika na kwamba maslahi ya Waafrika ndiyo ya kwanza. Waliouandika walikusudia kuwanyamazisha Wahindi na walowezi kwa pamoja, na kwa miaka mingi hawakuyatekeleza waliyoyaandika. Hata hivyo neno likishaandikwa lina maisha yake. Waafrika walilishika, wakalidai, na miaka 40 baadaye, Desemba 1963, likatimia kwa namna ambayo waandishi wake hawakuitazamia.

Wahindi waliukataa waraka. Januari 1924 mshairi Sarojini Naidu alikuja kutoka India kuongoza mkutano wa Bunge la Wahindi wa Afrika Mashariki mjini Mombasa, na kampeni ya kugoma kulipa kodi ya kichwa ikaanza. Desai alikuwa katika harakati hizo zote. Mwaka 1925 aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria, akapeleka mle ndani hoja zile zile alizokuwa akizichapa gazetini.

BUKOBA

Mwaka uliofuata, 1926, mauti yalimkuta Bukoba. Hakuwa amefikisha miaka 50. Bukoba ya wakati ule ilikuwa mji mdogo wa kahawa katika Tanganyika iliyokuwa chini ya Waingereza, wenye mtaa wa maduka ya Wahindi na gati la meli za ziwani. Hakufa Surat alikozaliwa, wala Nairobi alikofanyia kazi. Alifia kwetu, kwenye maji haya tunayoyaona kila asubuhi tukifungua milango ya maduka yetu. Kwa hiyo sisi tunaokaa kando ya Ziwa Victoria tuna haki ya kumhesabu kuwa wetu, na haki hiyo ina wajibu ndani yake.

Watu wa Nairobi walimjengea ukumbusho uliomfaa. Hawakusimamisha sanamu. Walijenga ukumbi wenye maktaba, ukaitwa Desai Memorial Hall. Katika miaka ya 1930 na 1940 watu wa vyama vya wafanyakazi, Makhan Singh akiwa miongoni mwao, walikutana humo, Wahindi na Waafrika, kuzungumza mishahara na saa za kazi. Kwa mtu aliyewapa watu matbaa, zawadi ya mahali pa kusoma na kusemea ilitosha.

DENI LETU

Hatukuandika haya ili tujisifu kwa matendo ya mtu mwingine. Jumuiya yetu ilikuwa na Desai mmoja, na ilikuwa na wengi waliofunga mlango wakati risasi zilipolia, wakasubiri barabara itulie ndipo wafungue duka. Hao nao walikuwa na watoto wa kulisha, na hatuwahukumu. Lakini twajua ni nani kati yao jina lake linaweza kutamkwa mbele ya jirani Mwafrika bila sisi kutazama chini.

Wazee wetu walitufundisha kwamba utumishi ulio bora ni ule ambao mtu hautarajii urudi kwake. Kwa kipimo hicho Desai alikuwa mcha Mungu, hata kama historia haikutuandikia mara ngapi aliingia hekaluni. Gazeti lake lilikufa, safari yake ya London ilishindwa, na hakuona matunda ya mti hata mmoja kati ya aliyoipanda. Thuku alikuwa bado yuko kizuizini siku Desai alipofariki.

Vijana wetu leo hawahitaji matbaa ya risasi. Kila mmoja ana simu inayoweza kupeleka maneno mbali kuliko Chronicle ilivyowahi kufika. Twawaomba wajiulize kabla ya kuandika, kama yeye alivyojiuliza: neno hili lamsaidia nani, na je, jirani ambaye hana pa kusemea, amepata nafasi? Na sisi wazee wenye maduka tujiulize swali linalotuhusu: katika biashara zetu, katika ukumbi wa hekalu, katika shule na zahanati tunazosaidia, mlango upi ungali umefungwa ambao ufunguo wake tunao mfukoni?

Kwa majirani zetu Waislamu, Wakristo na wengineo, mnaokuja siku ya maadhimisho kula nasi na kututakia heri, twasema asanteni kwa miaka mingi ya ujirani mwema. Mtakapopita langoni siku hiyo mtakuta taa zimewashwa kwa ajili ya wote waliotangulia. Moja kati ya hizo twaomba iwe ya mhariri wa Surat aliyefia Bukoba. Mwenyezi Mungu ampumzishe kwa amani, na atujalie sisi sote kuandika hesabu zetu kwa haki.